Konji kwa Miguu: Kutoka Kasongo Mpaka Kabambare Wakati wa Mvua

Mfanyakazi mwenzetu, karatasi ya konji umekwisha kuipata mkononi. Mama amekwisha kununua kitenge cha kumpelekea mkwe, na watoto wanagombana nani atalala karibu na nyanya. Kwa wengi wetu ambao jamaa zao wako upande wa Kabambare, konji maana yake ni kutembea. Pikipiki ziko, ndiyo, kwa mwenye pesa na kwa siku ambazo njia inapitika. Lakini mvua ikishika kweli, hata mwenye pikipiki anashuka na kuisukuma kwenye matope, na mwisho wa yote anatembea kama wewe, tena na chuma cha kilo mia moja mkononi.

Ukurasa huu haukuambii usiende. Kuwaona wazazi ni jambo la lazima, na mzee akiwa mgonjwa hangoji kiangazi. Tunachosema ni kwamba safari hii ipangwe. Kazini hushuki shimoni kabla ya kutazama taa, kamba na miti inayoshikilia paa. Basi kwa nini mtu huyo huyo anaondoka na bibi yake na watoto wadogo kwa safari ya wiki nzima, bila hata kujua watalala wapi siku ya kwanza?

HESABU KWANZA, MZIGO BAADAYE

Weka rula juu ya ramani. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare, kwa mstari ulionyoka kama ndege arukavyo, ni zaidi ya kilomita 110. Wewe si ndege. Njia inazunguka kilima, inatafuta kivuko, inapita kijijini kwa shemeji. Ongeza robo kwa ajili ya mizunguko hiyo, na hesabu yako itakaribia kilomita 140. Ukiwa na mtu aliyepita mwaka huu, chukua hesabu yake uache ya rula.

Sasa tazama mwendo. Mtu mzima mwenye nguvu, njia ikiwa kavu, anakwenda kilomita 4 kwa saa moja, pengine 5. Kwenye matope, na mzigo, na mtoto wa miaka saba anayeomba kupumzika kila kilima, hesabu kilomita 3 na ushukuru. Mvua nyingi za kwetu hupiga alasiri na usiku. Kwa hiyo safari ya siku inaanza jua linapochomoza na kwisha saa saba au saa nane za mchana, wingu jeusi linapoanza kusimama. Hizo ni saa saba au nane. Toa saa mbili za kupumzika, kula, na kungoja kwenye vijito. Zinabaki saa tano au sita za kutembea kweli, yaani kilomita 15 mpaka 18 kwa siku.

Gawa 140 kwa 16: siku tisa. Na kila siku tatu za safari ziongezee siku moja ya akiba, kwa sababu mto unaweza kujaa, mtoto anaweza kushikwa na homa. Siku tisa zimekuwa kumi na mbili. Kwenda kumi na mbili, kurudi kumi na mbili: ishirini na nne. Konji yako ni ya siku ngapi?

Hapa ndipo tunapotaka ukae chini na mama mzungumze. Baba, mama, watoto wawili na mmoja mgongoni, kwa konji ya wiki tatu, katikati ya mvua, hawawezi kwenda na kurudi kwa miguu njia nzima. Wanaofanya hivyo wanalipa kwa kutembea usiku, kuvuka mito iliyojaa na kurudi kazini wamechoka kufa. Afadhali safari hiyo mwiweke kwenye kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na mwezi wa 8. Au mama na watoto wapande pikipiki kwenye sehemu zinazopitika na watembee zilizobaki. Au baba aende peke yake na wenzake: mwanaume mzima mwenye mzigo mdogo anaweza kilomita 25 kwa siku, siku sita, na mbili za akiba, nane. Hayo ni maneno magumu kumwambia mtoto aliyekwisha kuota nyanya yake, tunajua.

NYUMBA ZA KULALA

Kaskazini mbali, kwenye mlima Ruwenzori, kuna njia iliyojulikana sana kwa watu wanaopanda mlima kwa mapenzi yao, bila kufuata jamaa wala biashara. Ni msitu wa mvua chini, kisha mianzi, kisha baridi na barafu, mpaka kilele cha Margherita chenye mita 5109. Kwa upande wetu wa Kongo njia inaanzia Mutsora. Wapandaji walikuwa wakilala kwenye vibanda vilivyojengwa kwa kazi hiyo: Kalonge kwenye mita kama 2100, Mahangu kama 3300, Kiondo kama 4200. Katikati ya kibanda na kibanda hakuna kijiji wala paa. Kwa hiyo hakuna mpandaji aliyepanga kwa kusema «nitatembea mpaka nichoke». Alisema: leo Kalonge, kesho Mahangu. Kama saa imekwisha kupita na kibanda cha mbele ni mbali, hakuondoka. Alilala pale pale alipo.

Fanya hivyo hivyo kwenye njia yetu, ambapo vibanda vyako ni vijiji. Kabla ya kuondoka tafuta mtu aliyepita mwaka huu, si miaka mitano iliyopita, kwa sababu vijiji vingine vilihama wakati wa vita na vingine vimebaki jina tu. Muulize majina ya vijiji kwa mpangilio, na kati ya kimoja na kingine ni mwendo wa saa ngapi. Usiulize kilomita, mtu wa kijijini atakupa jibu la kukufurahisha. Uliza hivi: «Ukiondoka hapa alfajiri, jua linakukuta wapi likiwa utosini?» Jibu hilo halidanganyi. Andika majina kwenye karatasi, na pembeni ya kila jina andika kijiji kilicho nyuma yake, cha kurudia ikiwa mbele hapapitiki.

Ukifika kijijini, fika mchana. Mgeni anayetokea gizani na panga mkononi anaogopesha watu, na siku hizi wana sababu. Nenda kwanza barazani, msalimie shefu wa kijiji, jitambulishe kwa jina lako, la baba yako na la ukoo. Onyesha kadi yako ya mchaguzi, kadi ya kazi na karatasi ya konji. Mara nyingi utapewa chumba au veranda na moto wa kupikia. Usiseme umekuja bure: pakiti ya chumvi na kipande cha sabuni vinasema asante vizuri kuliko hotuba.

Na jambo la usalama wa njia tulitaje waziwazi. Sehemu mbalimbali za Kabambare zimekuwa na vikundi vya watu wenye silaha kwa miaka mingi, na hali inabadilika kutoka wiki hadi wiki. Katika kila kijiji, jioni, uliza habari za kijiji cha kesho. Wakikuambia ngoja, ngoja. Siku ya akiba iliwekwa kwa ajili hiyo. Tembeeni kundi, mchana tu, na msiwaache akina mama na wasichana nyuma peke yao. Mkisikia risasi mbele, rudini kijiji mlichotoka, hata kama mmekwisha kuvuka mto.

MTO ULIOJAA

Kama una nafasi ya kusoma sehemu moja tu ya ukurasa huu, soma hii. Nchi ya Kabambare inamwaga maji yake kwenye mto Luama, na Luama inayapeleka Lualaba. Luama yenyewe watu wanaiheshimu. Hatari iko zaidi kwenye vijito vyake, vile ambavyo kiangazi mtoto anaruka kwa mguu mmoja. Mvua ikinyesha milimani usiku, asubuhi kijito hicho kinafika kifuani, na kwako wewe anga ni nyeupe, hakuna hata tone.

Maji yanayokwenda kasi yanasukuma kuliko unavyodhani. Yakifika gotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika kwenye mapaja yanamwangusha kwa hakika karibu kila mara, hasa mwenye mzigo. Tazama rangi: maji yamekuwa mekundu ya udongo, yanabeba majani na vijiti, yanapanda kwenye ukingo? Usiingie. Chomeka kijiti kwenye ukingo, pale maji yanapoishia, kisha keti mbali kidogo. Baada ya nusu saa tazama kijiti. Ikiwa maji yamekipita, bado yanapanda, na kazi yako ni kurudi kijijini. Yakiwa yameshuka chini yake, ngoja. Vijito vidogo hujaa haraka na kushuka haraka; mara nyingi kilichokuzuia jioni kinapitika asubuhi. Usiku mmoja wa kungoja ndio bei, na ni bei ndogo.

Ukiona inapitika, tafuta mahali mto ulipo mpana na maji yametandazika. Mahali pembamba pana kina na kasi. Tazama chini ya kivuko: kama kuna mti ulioanguka ndani ya maji au mawe makubwa, hapo si pa kuvukia, maana ukiteleza maji yatakubana chini ya matawi. Legeza kamba za mzigo, zile za mabega na ile ya kipaji cha uso, ili ukianguka uuache uende. Mchele unanunuliwa tena. Kata mti mrefu unaokuzidi kimo, uwe mguu wa tatu. Geuza uso kule maji yanakotoka, vuka ukitembea ubavu, na usinyanyue mguu kabla ya mti kushika chini. Usivue viatu, mawe yatakukata. Mtoto mdogo abebwe na mtu mzima asiye na mzigo mwingine, na asifungwe kwa kitenge kisichofunguka. Mkiwa watu wazima watatu, shikaneni mabega, mzito zaidi akae upande wa maji yanakotoka.

Gogo lililolazwa kuwa daraja, likiwa na mvua, linateleza kama sabuni. Kaeni juu yake mkijisukuma kama mtu aliyepanda punda. Vijana watacheka. Waache wacheke wakiwa kavu.

Kwenye mtumbwi, mwenye mtumbwi ndiye mkubwa. Akisema watu watano, msiwe saba kwa sababu mmoja wenu ana haraka. Mizigo katikati na chini, watu wakae chini, hakuna kusimama kupiga picha kwa simu. Viatu vya mpira, vile virefu vya kazi, vivuliwe kabla ya kupanda: vikijaa maji vinavuta chini kama jiwe.

MIGUU

Njia hii ni ya zamani kuliko kampuni yoyote ya migodi. Misafara ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip, jina lake hasa Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliweka makao yake Kasongo katika miaka ya 1870. Lugha hii tunayokuandikia iliingia Maniema kwa njia hiyo hiyo, kwa miguu.

Na kwa njia hiyo alipita Daktari Livingstone, Mskoti, mtu aliyekuwa ametembea Afrika miaka mingi, tena yeye mwenyewe mganga aliyesomea. Katika 1870 alijaribu kwenda kaskazini kwenye misitu ya Maniema akiwa na watu watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Miguu yake ilishikwa na vidonda vilivyokula nyama. Mwezi wa 7 alirudi akichechemea mpaka mahali alipopaita Bambarre, ambapo wengi husema ndipo Kabambare ya leo. Hakuweza kuondoka pale mpaka mwezi wa 2 wa 1871. Zaidi ya miezi sita, mtu aliyesomea uganga, amefungwa na nyayo zake mwenyewe.

Vidonda vya namna hiyo bado vipo. Vinaanza kwa kitu kidogo: lengelenge lililopasuka, mchubuko wa jiwe, funza aliyetolewa kwa sindano chafu. Ngozi iliyokaa majini siku nzima inalainika na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyefua nguo, na ngozi hiyo haizuii vijidudu tena. Kwa hiyo fanya miguu iwe kazi ya kila jioni, hata kama umechoka. Osha kwa sabuni na maji safi, kausha katikati ya vidole, kaa miguu ikiwa wazi karibu na moto bila kuichoma. Soksi moja kavu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na soksi hiyo ni ya kulalia tu. Asubuhi utavaa tena ile iliyolowa. Ni mateso ya dakika tano, lakini usiku miguu imepumzika kavu. Palipochubuka, funika kwa kitambaa safi kabla hapajapasuka. Kidonda kinachonuka au kinachopanuka, au mshipa wenye maumivu kwenye kinena, hizo ni alama za kwenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni kurudi nyuma.

Wengi wanauliza juu ya bote za mpira za kazini. Zinakinga nyoka na matope, ni kweli. Lakini maji yakiingia hayatoki, na kwa siku nzima mguu unapikwa humo. Sisi tunapendelea kiatu cha kamba kilichokwisha kuzoea mguu, ambacho maji yanaingia na kutoka. Kiatu kipya kilichonunuliwa kwa ajili ya kuonyesha kijijini kibaki mzigoni mpaka kilima cha mwisho.

MZIGO NI WA NANI?

Mara nyingi njiani tunaona hivi: baba mbele na panga na redio, mama nyuma na kikapu mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, mtoto kifuani, na sufuria juu ya yote. Ukimuuliza baba anasema anaangalia nyoka. Mama aliyebeba kilo 35 ndiye atakayeanguka kwenye gogo, na anapoanguka yeye anaanguka na mtoto. Mzigo wa safari ya siku nyingi usizidi robo ya uzito wa anayeubeba: mtu wa kilo 60, kilo 15. Mwenye mtoto mgongoni, mtoto huyo ndio mzigo wake. Mama mwenye mimba kubwa asitembee safari hii, wala mtoto aliyetoka kuumwa.

Chakula ndicho kinachozidisha uzito. Mtu mzima anayetembea anahitaji karibu nusu kilo ya mchele au unga kwa siku, mtoto gramu 300. Watu wazima wawili na watoto wawili, kilo 1 na gramu 600 kwa siku. Kwa siku nane ni karibu kilo 13. Usizibebe zote. Nchi ya Kasongo inalima mpunga, na kila kijiji kina muhogo, ndizi, sombe na mawese. Beba chakula cha siku tatu, kilo 5, na karanga zilizokaangwa za kutafuna njiani, kisha nunua. Ndagala kavu ni nyepesi na zinatia nguvu.

Vitu ambavyo havibaki nyumbani: chandarua, ambacho hakifiki kilo moja, turubai au plastiki kubwa, blangeti moja na nguo kavu moja kwa kila mtu, ndani ya plastiki iliyofungwa, kibiriti ndani ya chupa, tochi, panga, sufuria, sabuni, kitambaa safi cha vidonda, na kinini? Hapana, kinini uache, na usibebe dawa za malaria za kununua sokoni bila kujua. Pita dispanseri wiki moja kabla ya kuondoka, eleza safari yako, watakupa na kukuandikia kipimo cha kila mtoto kwa uzito wake. Waulize pia juu ya chanjo ya pepopunda.

Neno moja kwa watu wa mgodini. Bidoni iliyowahi kubeba asidi, mafuta ya mashine, zebaki au dawa yoyote ya kusafishia dhahabu haiwi bidoni ya maji ya kunywa, hata ukiiosha mara kumi na mchanga. Sumu nyingine hazina harufu. Nunua mpya.

BARIDI, MAJI NA WADUDU

Utashangaa tukizungumza habari ya baridi katika Maniema. Mtu aliyelowa mpaka mfupani, upepo wa mvua unampiga, tumbo tupu, anapoteza joto haraka sana, kwa sababu maji yanabeba joto la mwili mara nyingi zaidi kuliko hewa kavu. Mtoto anapoteza haraka kuliko mkubwa. Akianza kutetemeka, simameni: mvueni nguo zilizolowa, mvisheni ile kavu, afungwe na mama ndani ya blangeti moja, mpeni chai ya sukari. Mtoto aliyeacha kutetemeka lakini anasinzia na kuongea kama mlevi hajapona, amezidi. Pombe haileti joto. Inafungua ngozi na joto linatoka.

Radi: hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya thelathini, toka juu ya kilima, toka majini, ondoka chini ya mti ulio peke yake, weka chini panga na jembe. Na usiku usitandike turubai chini ya mti mkavu uliokufa. Msituni miti kama hiyo inaanguka mvua ikinyesha hata bila upepo.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa dakika moja nzima, usiku, yapoe mpaka asubuhi. Mtoto akiharisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, kila anapoharisha, na aendelee kunyonya au kula.

Nyoka akimng'ata mtu, msikate, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni haliondoi sumu. Mlazeni, toeni pete na bangili, fungeni mguu kwenye ubao usitikisike, mbebeni kwenye machela mpaka kituo cha afya. Asitembee mwenyewe hata hatua chache, kwa sababu misuli inayofanya kazi inasukuma sumu mwilini.

Mbung'o wanakaa kando ya mito yenye kivuli, wanauma mchana, na wanapenda nguo za bluu na nyeusi. Vaeni rangi ya udongo au kaki, mikono mirefu. Malale bado yanapatikana kusini mwa Maniema. Yanaanza polepole: homa inayokwenda na kurudi, kichwa, tezi zilizovimba nyuma ya shingo, baadaye mtu anasinzia mchana na kukesha usiku, tabia yake inabadilika na watu wanasema amelogwa. Zamani matibabu yake yalikuwa makali. Siku hizi kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa 2018, humezwa siku 10 pamoja na chakula, na vinatolewa bila malipo. Na nyani au mnyama mwingine mliyemkuta amekufa porini, msimguse wala msimle, hata kama mboga imekwisha. Ugonjwa wa Mpox uko katika jimbo letu.

KARATASI INAYOBAKI

Ile karatasi ya vijiji iandike mara mbili. Moja unayo wewe ndani ya plastiki. Ya pili mwachie jirani kambini, mtu asiyesafiri, pamoja na majina ya mnaosafiri, tarehe ya kuondoka, kijiji cha kila usiku, na tarehe ambayo mkiwa hamjafika watu waanze kuuliza. Tarehe hiyo iwe baada ya siku za akiba, ili asihangaike bure. Simu uizime mchana kutunza chaji, uiwashe jioni, na penye kilima chenye mtandao tuma neno: tumelala mahali fulani, sote wazima. Jirani aandike siku na jina la kijiji. Kama neno limekoma, watu watajua waanzie wapi.

Hesabu ya kurudi iache siku mbili kamili nyumbani kabla ya zamu ya kwanza. Mtu aliyetembea siku nane anasinzia akiwa amesimama, na kwenye mashine mwenzake ndiye anayekatwa mkono. Na mtu yeyote wa nyumba yako akishikwa na homa ndani ya mwezi baada ya kurudi, mpeleke dispanseri siku hiyo hiyo, na jambo la kwanza kumwambia mganga ni: tulikuwa safarini, tulipita hapa na hapa. Mpe ile karatasi aisome.